Kichina Kabla ya Darasa la Kwanza: Niliyojifunza kwa Kukaa na Watoto Wadogo

Wazazi wanaoniletea watoto wa miaka mitatu hadi sita wajifunze Kichina huja na kipimo kimoja, nacho ni idadi ya herufi. Wanataka kujua mtoto atakuwa anatambua herufi ngapi kabla hajaingia darasa la kwanza, na wengine huja na jedwali kabisa, herufi za kila wiki zikiwa zimeshapangwa. Siwalaumu, kwa kuwa herufi ndizo zinazoonekana na kuhesabika. Hata hivyo, miaka niliyokaa na watoto hawa, nami nikiwa nimejifunza Kichina ukubwani baada ya Kiswahili, imenionyesha kwamba msingi wanaouhitaji uko kwanza masikioni na mdomoni, na kwamba herufi humkaa mtoto vizuri pale tu inapokuta neno analolijua tayari.

Sababu huonekana mtu akitazama kinachomngoja mtoto shuleni. Mtaala wa lugha wa China uliotolewa mwaka 2022 unataka mwanafunzi anayemaliza darasa la pili awe anatambua herufi zipatazo 1,600 na kuweza kuandika zipatazo 800. Mtaala huo umetungwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa ndani ya lugha yenyewe. Anapoonyeshwa herufi 水, mtoto huyo ameshaomba maji, ameshakunywa maji na ameshagombezwa kwa kumwaga maji, vyote kwa neno hilohilo, shuǐ. Kilichobaki kwake ni umbo tu. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuzungumzwi Kichina hukutana na umbo, sauti na maana kwa mpigo mmoja, na mwalimu wa darasa la kwanza mwenye wanafunzi wengi hana muda wa kumtenganishia mambo hayo matatu. Kazi yetu sisi wa madarasa ya awali ni kuhakikisha kwamba angalau mawili kati ya hayo, sauti na maana, yameshafika kabla yake.

Nianze na sauti. Kichina sanifu kina toni nne, yaani namna za sauti kutulia, kupanda, kuzama au kushuka ndani ya silabi, pamoja na silabi nyepesi ambazo hazibebi toni kamili, na toni hizo hutofautisha maneno kama vile konsonanti zinavyotofautisha maneno katika Kiswahili. Mtu mzima aliyekulia kwenye Kiswahili huteseka sana hapa, kwa sababu amezoea kutumia kupanda na kushuka kwa sauti kuonyesha swali, mshangao au hasira. Mtoto wa miaka minne hana mazoea mazito kiasi hicho, lakini naye anahitaji sababu ya kutega sikio. Darasani huwa naweka meza ya kuchezea duka, na hapo ndipo toni hupata kazi. Kununua ni mǎi, na kuuza ni mài. Tofauti yote iko katika toni. Siku moja watoto wawili walisimama pande mbili za meza, kila mmoja akisema "wǒ mài", yaani kila mmoja anauza, na tufaha la plastiki likabaki katikati. Sikusema neno. Wa tatu aliyekuwa akingoja zamu yake ndiye aliyewaambia kwa Kiswahili, "Sasa nyote mnauza, nani ananunua?" Mmoja wao akarudia neno lake, safari hii akilitamka kwa toni inayozama, mǎi, akapewa tufaha. Hakuna jedwali la toni ambalo lingefanya kazi hiyo kwa muda mfupi namna ile.

Mfano huohuo unaonyesha kwa nini ninawafundisha watoto kwa vipande vizima vya usemi badala ya silabi mojamoja. Silabi mbili za toni ya tatu, ile inayozama, zikifuatana, silabi ya kwanza hutamkwa kama toni ya pili, inayopanda. Salamu inayoandikwa nǐ hǎo husikika ní hǎo, na "nanunua", wǒ mǎi, husikika wó mǎi, ingawa maandishi hayabadiliki. Mtoto aliyejifunza salamu kwa kusalimiwa huitamka sawasawa bila kujua kwamba ipo kanuni. Aliyeanzia kwenye chati ya toni huzamisha sauti mara mbili, silabi ya kwanza na ya pili, na hutumia muda mrefu kuiacha tabia hiyo. Kwa hiyo chati ya toni ninayo, lakini haitoki kabatini hadi mtoto awe na maneno ya kutosha ya kuiwekea.

Jambo la pili kuhusu sikio linahusu skrini, na hapa wazazi hawapendi jibu langu. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa, waliokulia katika nyumba za Kiingereza. Kundi moja lilichezewa na kusomewa na wazungumzaji wa Kichina ana kwa ana katika vipindi 12. Kundi jingine lilipata maneno yaleyale kutoka kwa watu walewale, lakini kupitia rekodi. Waliokaa na watu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina, na waliopata rekodi hawakujifunza. Watoto wangu ni wakubwa kuliko hao, na sidai kwamba katuni haina faida yoyote kwa mtoto wa miaka mitano. Ninachokiona ni kwamba mtoto anayetegemea video huja akiwa na orodha. Anakariri rangi zote kwa mpangilio wa wimbo, lakini ukimwonyesha kikombe chekundu na kumuuliza ni cha rangi gani, inambidi auimbe wimbo kuanzia mwanzo hadi afike kwenye nyekundu. Lugha aliyonayo haijawahi kumjibu mtu.

Mzazi akisikia hivyo huuliza, na ana haki ya kuuliza, "Mwalimu, na sisi tusiojua Kichina tufanyeje?" Jibu langu huwa na sehemu mbili. Kwanza, mtafutieni mtoto mtu, hata kama ni kwa dakika chache tu kila siku: jirani, mwalimu, mtoto mkubwa anayejifunza lugha hiyohiyo, au babu wa rafiki yake kupitia simu ya video, maana simu ya video mtu anajibu na katuni haijibu. Dakika 15 za kila siku zina nguvu kuliko saa mbili za Jumamosi, na hili nimeliona kwa watoto wa kila aina, wepesi na wazito. Pili, endeleeni kumsimulia hadithi kwa Kiswahili. Wapo wanaokoma kuzungumza Kiswahili na mtoto wakidhani wanampisha Kichina, ilhali wao wenyewe hawana Kichina cha kuweka mahali pake. Mtoto hubaki na lugha mbili nyembamba. Mtoto anayejua hadithi ina mwanzo, ina tatizo na ina mwisho, anayejua kuuliza "kwa nini" na kungoja jibu, huingia kwenye kitabu cha Kichina akiwa na nusu ya kazi imekwisha.

Kiswahili humsaidia mtoto hata mahali ambapo sikukitarajia. Katika Kichina huwezi kutaja idadi ya vitu bila kuweka neno la kuhesabia kati ya namba na jina: kitabu kimoja ni yì běn shū, karatasi moja ni yì zhāng zhǐ, samaki mmoja ni yì tiáo yú, paka mmoja ni yì zhī māo. Neno zhāng huhesabu vitu vyenye uso bapa kama karatasi, meza na kitanda. Tiáo huhesabu vitu virefu kama kamba, njia, mto na nyoka. Bǎ huhesabu vinavyoshikwa kwa mkono kama kisu, mwavuli na hata kiti. Walimu wenzangu waliofundisha watoto wa lugha nyingine waliniambia kwamba hapa pana kilima. Watoto wa Kiswahili sikuwaona wakishangaa. Wamezoea kwamba kisu ni kimoja, mti ni mmoja na jiwe ni moja, kwamba namba haiji peke yake bila kuangalia kinachohesabiwa. Ngeli na maneno ya kuhesabia si kitu kimoja, kwa kuwa ngeli hutawala sentensi nzima na neno la kuhesabia hukaa karibu na namba au kionyeshi tu, lakini wazo la kwamba vitu vina makundi yake tayari wanalo.

Kinachotokea ni kwamba wanashika gè, neno la kuhesabia linalotumika zaidi ya yote, na kulitia kila mahali. Mtoto akisema yí gè māo, mimi hujibu, "Ndiyo, yì zhī māo, amelala," kisha tunaendelea na paka. Sikatizi, sirudishi nyuma, siombi arudie. Mzazi mmoja aliyekaa nyuma ya darasa aliniuliza baadaye kwa nini ninaliacha kosa lipite. Nilimweleza kwamba halikupita. Mtoto amesikia umbo sahihi wakati anaposubiri jibu langu, na huo ndio wakati sikio lake limefunguka. Nikimsahihisha mbele ya wenzake, kesho atasema neno moja tu badala ya sentensi, kwa sababu neno moja halina nafasi ya kukosewa.

Sasa nifike kwenye herufi zenyewe, maana sisemi zisifundishwe. Ninachokipinga ni kadi zinazopepewa mbele ya mtoto kwa kasi, moja baada ya nyingine, hadi mzazi atosheke. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitano ambaye nyumbani alisifiwa kwa kuzijua kadi zote za kisanduku. Nilipofungua naye kitabu cha picha chenye herufi 山, mlima, hakuitambua, ingawa dakika chache kabla alikuwa ameisoma kwenye kadi. Nikaichukua kadi nikaitazama vizuri. Pembe yake ya juu ilikuwa imekunjika na chini palikuwa na doa la chai. Nilipolifunika doa kwa kidole gumba na kumuuliza tena, aliinama kutazama chini ya kidole changu. Mtoto alikuwa anasoma doa. Hilo si ujinga. Ni akili inayotafuta njia fupi, na kadi ndiyo iliyompa njia hiyo.

Herufi inayokutwa mahali pengi haina doa la kusomwa. Kwa sababu hiyo ninaanza na zile zinazojitokeza kila mara katika vitabu vya watoto, 人, 大, 小, 上, 下, 不, 我, na ninasoma kitabu kilekile siku nyingi huku kidole kikipita chini ya kila herufi. Kichina humrahisishia mtoto jambo moja hapa: herufi moja ni silabi moja, hivyo kidole na mdomo huenda pamoja. Baada ya kusomewa mara nyingi, mtoto huanza kukisoma kitabu kwa kumbukumbu, na watu wazima husema anajifanya anasoma. Mimi huona hicho ndicho kisomo chake cha kwanza, kwa sababu siku kidole kitakapobaki na herufi ilhali maneno yamekwisha mdomoni, ataona mwenyewe kwamba ameruka mahali, na atarudi.

Michoro ya asili ya herufi huwafurahisha watoto na mimi huitumia: 木 ni mti, 林 miti miwili ni kichaka, 森 mitatu ni msitu. Lakini wazazi huambiwa kwamba Kichina chote ni picha, nalo si kweli. Herufi nyingi mno zina sehemu mbili, moja ikidokeza maana na nyingine ikidokeza sauti. Katika 妈, mama, upande wa kushoto ni mwanamke na upande wa kulia ni farasi, 马, ambaye yupo kwa ajili ya sauti yake tu, mǎ. Ukimtungia mtoto hadithi ya kwa nini mama amesimama na farasi, umemfurahisha leo na kumpoteza kesho. Ni bora aone kwamba farasi huyohuyo yumo katika 吗, kiulizi cha mwisho wa sentensi, na kwamba anasikika vilevile. Watoto wa miaka sita hulielewa hilo kama mchezo, na wengine huanza kubahatisha matamshi ya herufi ambazo hawajawahi kufundishwa. Wakibahatisha vibaya hucheka wenyewe.

Kuhusu pinyin, maandishi ya Kichina kwa herufi za Kilatini yaliyopitishwa rasmi nchini China mwaka 1958, maoni yangu ni kwamba yangoje. Mtoto wetu anajifunza kusoma ba, be, bi, bo, bu za Kiswahili katika umri huohuo. Herufi q na x hazimsumbui, kwa kuwa hazimo katika Kiswahili na hazina deni lolote kichwani mwake. Zinazomsumbua ni zile anazozijua: b, d na g za pinyin hazina mtetemo wa kooni kama zetu na huelekea kwenye p, t na k zisizo na pumzi, na z yake hutamkwa karibu na ts. Mtoto aliyefundishwa bà, baba, kwa kusikia hulitamka vizuri. Akiliona limeandikwa mapema mno, hulisoma Kiswahili. Kwa hiyo pinyin huja katika miezi ya mwisho, baada ya silabi za Kiswahili kutulia, nayo huja kama njia ya kuandika maneno anayoyasema tayari. Hata vitabu vya darasa la kwanza vilivyoanza kutumika China mwaka 2016 na kuenea nchi nzima mwaka uliofuata vinaanza na herufi sita, 天地人你我他, kabla ya pinyin.

Wapo wanaodhani kwamba Wachina wenyewe huwakimbiza watoto wao wa chekechea kwenye masomo ya shule. Wazazi wengi wangependa iwe hivyo, lakini serikali yao imekataza. Mwaka 2018 wizara ya elimu ya huko ilizitaka shule za awali ziache kufundisha mambo ya shule ya msingi, pinyin na utambuzi wa herufi vikiwemo, na sheria ya elimu ya awali iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2025 inalisema katazo hilo kisheria. Siichukui sheria hiyo kama ilivyo, kwa kuwa mtoto wa kule anarudi nyumbani kwenye Kichina na wangu harudi. Lakini inanipa ujasiri wa kumwambia mzazi mwenye haraka kwamba kucheza kwa Kichina si kupoteza muda.

Kuandika ndiko ninakokuachia nafasi ndogo zaidi, isipokuwa katika jambo moja, nalo ni mpangilio wa mistari. Juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mlalo kabla ya wima, na kisanduku hakifungwi hadi vilivyomo viwe vimeingia. Vidole vya mtoto wa miaka minne havijawa tayari kwa penseli na daftari la miraba, kwa hiyo tunaandika hewani kwa mkono mzima, au ubaoni kwa brashi iliyochovywa majini, na vidole tunaviimarisha kwa udongo wa kufinyanga na mkasi. Mtoto akiachwa peke yake, herufi 口, mdomo, huichora kama duara kwa mzunguko mmoja, na kwa macho ya mzazi inaonekana sawa. Ni mistari mitatu: wa kushoto unashuka, wa pili unakwenda kulia na kukunja kushuka, wa tatu unafunga chini. Aliyezoea duara hupata taabu anapofika 国, nchi, kwa sababu ameshafunga kisanduku na bado ana vitu mkononi vya kuingiza. Herufi chache zilizoandikwa kwa mpangilio sahihi, pamoja na jina la mtoto mwenyewe, zinatosha kabisa kabla ya shule.

Swali la herufi zilizorahisishwa, yaani zilizopunguzwa mistari, au za kimapokeo mimi hulipitia haraka: uliza shule atakayokwenda. China bara na Singapore hutumia zilizorahisishwa; Taiwan, Hong Kong na Macao hutumia za kimapokeo, na Taiwan hufundisha matamshi kwa alama za zhuyin badala ya pinyin. Vivyo hivyo kwa mitihani ya watoto. YCT, mtihani wa Kichina kwa wanafunzi wadogo, ambayo kiwango chake cha kwanza kina maneno 80 tu, haina ubaya kwa mtoto anayefurahia, ila cheti chake hakionyeshi kama mtoto anaweza kuongea.

Muhula wa mwisho ninapomwandikia mwalimu wa darasa la kwanza taarifa ya mtoto, ninamweleza kwanza anachoweza kufanya kwa mdomo. Je, akionyeshwa picha ya mtoto aliyeangusha kikapu, anaweza kusema kilichotokea, kilichokuwepo kabla na kitakachofuata, hata kwa sentensi tatu fupi? Je, akiambiwa achukue kalamu nyekundu, aiweke chini ya kitabu kikubwa kisha aje kuketi, anafanya yote matatu bila kutazama wenzake? Je, anapokosa neno hulizunguka kwa maneno mengine, au hunyamaza? Herufi anazozitambua ninaziorodhesha baada ya hayo, na ninataja zipi amezikuta kitabuni na zipi amezikuta kwenye kadi tu.

Wazazi nao ninawapa neno kuhusu likizo ndefu inayotangulia darasa la kwanza, kwa sababu ndipo wengi hununua madaftari ya mazoezi na kuacha mazungumzo. Nimeona watoto wakirudi na herufi zao zote lakini ulimi ukiwa mzito. Madaftari yanaweza kupumzika. Anayezungumza naye Kichina asipumzike, na kama huyo ni mwalimu anayelipwa kwa saa, ni afadhali saa zake zigawanywe ziwe vipande vifupi vya siku nyingi, mtoto akisomewa vitabu vile alivyoshavizoea na kuongezewa kimoja kipya mara kwa mara.